Uzi: Wanafunzi wa sekondari, picha za mtaani, na tafakuri isiyoishia kwenye "nimejifunza mengi"

#1 Mwalimu wa Zamu

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa walimu na walezi wa klabu za picha sekondari, hasa wale wanaowatoa wanafunzi getini kwenda kupiga sokoni, stendi au mtaani. Kupiga wanajua, tena wana uthubutu kuliko sisi. Kazi inaanza wanaporudi. Mwambie mwanafunzi aandike alichojifunza, utapata "nimejifunza mambo mengi na nimefurahi sana". Madaftari arobaini, sentensi hiyohiyo.

Msimlaumu mwanafunzi, swali ndilo limekaa vibaya. "Umejifunza nini?" linamdai muhtasari wa jambo ambalo bado halijamtulia kichwani, kwa hiyo anakujibu kwa adabu. Muulize juu ya fremu moja, yaani picha moja kati ya alizopiga: hapa ulisimama umbali gani? Kwa nini ulibonyeza wakati huu na si kabla kidogo? Kitu gani kimeingia pembeni bila wewe kukiona? Maswali haya yanajibika, na jibu linaweza kukaguliwa kwa kuiangalia picha yenyewe.

Kwa hiyo tafakuri ianzie kwenye picha zote, kwa mpangilio aliozipiga, mbovu zikiwemo. Picha moja nzuri inaweza kuwa bahati. Picha tano za kitu kimoja zinaonyesha mtu anavyofikiri: alianzia mbali, akasogea, akapiga mbili akiwa wima, akachuchumaa, akaondoka kabla jambo halijaiva.

Vipindi viwili vilivyoungana, yaani dakika 80, vinatosha: 10 za maelekezo, 35 nje, 10 za kurudi na kuhamisha picha, 25 za karatasi na mazungumzo. Kila mwanafunzi fremu 24, basi. Ukimwachia apige 300 hatazipitia. Atachagua tatu za mwisho kwa sababu ndizo anazozikumbuka.

Zichapishe zote 24 kwenye karatasi moja ya A4, nyeusi na nyeupe: safu 4, mistari 6, kila picha sm 4.8 kwa 3.6, na namba ya faili chini yake. Mpe kalamu nyekundu. Duara kwenye aliyoichagua, msalaba kwenye aliyoikosa, na mshale kati ya fremu mbili zinazofuatana pale alipobadili kitu: umbali, pembe, mwanga au muda. Duara linakuambia anapenda nini. Mshale unakuambia aliamua nini, na hapo ndipo pa kukazia.

Kisha aandike juu ya mshale mmoja tu, maneno 60 hadi 80, akianzia na vishikizo hivi: "Nilikusudia…", "Kwenye fremu namba… inaonekana…", "Sababu yake ni…", "Safari ijayo nitabadili…". Neno "nitajitahidi" marufuku. Anayeandika "nitajitahidi kupiga vizuri" arudishiwe karatasi aseme atasogea hatua ngapi, au atasubiri nini kitokee ndipo abonyeze.

#2 Bwenini

Mleta mada, umegusa penyewe. Ila shule nyingi za bweni simu kwa mwanafunzi ni kosa. Tuseme klabu ina wanafunzi 20, simu nne za walimu na kamera moja ya zamani. Hizo fremu 24 za kila mtu zinapatikana vipi, na utajuaje ipi ni ya nani?

#3 Mwalimu wa Zamu

Mkuu, uchache wa simu unasaidia tafakuri kuliko unavyodhani. Vifaa vitano, makundi matano ya wanne. Kila kundi mmoja anapiga, mmoja anaandika, wawili wanatazama mtaa na kulinda usalama: magari, mikoba, mtu anayekasirika. Zamu ya dakika 8, kengele ikilia mnabadilishana. Kwa dakika 8 fremu 24 ni nyingi mno, weka 12. Na A4 moja inachukua wanafunzi wawili.

Kujua ni za nani ni rahisi: fremu ya kwanza ya kila zamu ni picha ya kikaratasi chenye namba ya mwanafunzi. Kila kinachofuata ni chake mpaka kikaratasi kingine kitokee.

Mwandishi ndiye mwenye kazi nzito. Anaandika saa, mahali, jua liko upande gani, na kile alichosema mpigaji kabla ya kubonyeza. Mfano: "10:14, kona ya duka la vitenge, jua mgongoni, anasubiri mwenye ndoo apite." Wakirudi darasani, mpigaji atasema "nilibahatisha tu", na daftari la mwenzake litasema alisubiri dakika mbili. Wanafunzi wengi hawajui kwamba waliamua mpaka waonyeshwe.

Angalizo dogo la saa: kamera inaandika 10:14, mtoto anaandika saa 4:14. Kubalianeni kabla ya kutoka kwamba mnafuata saa ya kamera. Na kamera za zamani zikikaa bila betri hupoteza tarehe, kwa hiyo irekebishe kwanza, la sivyo daftari na faili havitalingana hata kidogo.

#4 Kibaraza cha Darajani

Assalaam alaykum. Naongeza upande wa sababu, maana hapo ndipo wanafunzi wa skuli zetu wanapokwama. Anaandika "picha imetoka giza kwa sababu kamera mbovu". Kamera nzima, ila hajui ilipima nini.

Kamera huichukulia fremu nzima kana kwamba ni ya kijivu cha kati. Ukimpiga mzee aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa, kamera inaona weupe mwingi na inapunguza mwanga, uso wake unakuwa mweusi tii. Ukimpiga mama mwenye buibui jeusi akaijaza fremu, inaongeza mwanga na buibui linatoka kijivu kilichochujuka. Dawa kwenye simu: gusa uso, shikilia kidole mpaka alama ya kufuli itokee, kisha panda au shuka na kile kijua cha pembeni. Kwenye kamera: weupe ukijaza fremu ongeza mwanga hatua 1 (alama ya +1), weusi ukijaza punguza mwanga hatua 1 (alama ya -1), halafu tazama.

Jambo jengine ni saa. Huku kwetu jua la mchana liko karibu na utosi, kwa hiyo kofia na paji la uso vinatia kivuli machoni. Kabla ya saa 3 asubuhi na baada ya saa 10 jioni mambo ni mazuri, lakini ratiba ya skuli haikupi saa hizo. Basi wafundishe kufanya kazi kwenye mpaka wa kivuli: baraza, kichochoro, chini ya turubai la muuza matunda. Mtu akisimama hatua moja ndani ya kivuli akatazama nje, uso wake unapata mwanga laini kutoka kwenye barabara inayong'aa.

Sasa kwenye tafakuri asiandike "mwanga ulikuwa mbaya". Achore mshale juu ya picha kuonyesha mwanga umetoka wapi na kamera ilipima wapi. Mishale miwili, inatosha, na mwalimu anajua papo hapo kama ameelewa.

#5 Sentimita

Hapo kwenye umbali naomba niweke namba, kwa sababu "nilikuwa karibu" ya mwanafunzi huwa ni mita nane.

Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, sawa na milimita 24 hadi 28 za kamera ya filamu. Ukiishika simu kwa ulalo, fremu inachukua kimo kinachokaribia umbali wenyewe: mita 4 kwa mita 4. Mtu wa mita 1.7 anachukua kama asilimia 40 ya kimo cha fremu. Mita 8, anashuka mpaka kama asilimia 20, na uso wake ni punje. Mita 2, karibu anajaza.

Chora mistari ya chaki uwanjani: mita 2, 4 na 8. Kila mmoja apige mwenzake kwenye mistari yote mitatu kabla hajatoka getini, na picha hizo tatu ziwe juu kabisa ya karatasi yake. Baadaye akiangalia picha ya sokoni analinganisha na kusema mwenyewe "hapa nilikuwa mita 6". Waambie pia wasivute kwa vidole. Kuvuta kwenye simu nyingi ni kukata kingo tu, na kunamficha mwalimu ukweli kwamba mtoto aliogopa kusogea.

Kwa wenye kamera: lenzi ya mm 35 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya mm 35), tundu la lenzi likiwa f/8, fokasi, yaani umbali ambao picha inatoka kali, ikiwekwa kwenye mita 5, kila kitu kuanzia kama mita 2.6 hadi mwisho wa macho kinatoka kikali vya kutosha. Weka hivyo, zima fokasi ya kujiendesha, mwanafunzi abaki na kazi ya kutazama.

Mtu anayetembea hupita kama mita 1.4 kwa sekunde. Kwa kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) ya 1/60 ya sekunde anasogea zaidi ya sentimita 2 wakati shata iko wazi, na ukungu unaonekana. Kwa 1/250 ni kama milimita 6. Bodaboda ya kilomita 30 kwa saa inataka 1/1000 ikikatiza mbele yako. Halafu kuna kuchelewa kwa kidole na kifaa: robo sekunde tu ni sentimita 35 za mwendo. Ndiyo maana mguu uliokuwa hewani unatoka ukiwa umeshatua. Mwanafunzi akiweka msalaba akaandika "nilichelewa", mwulize kasi ya shata kwenye taarifa za faili. Kama ni 1/500 na picha ni kali lakini mguu uko chini, kidole kilichelewa. Kama ni 1/40 na mguu una ukungu, shata ndiyo ilikuwa polepole. Makosa mawili tofauti, yote aliyaita "nilichelewa".

#6 Bwenini

Taarifa za faili mbona zinakuwa hazipo picha zikishanifikia?

#7 Sentimita

Umetumiwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Inabana faili na kuondoa taarifa hizo. Watume kama dokyumenti, au hamisha kwa waya. Usitegemee picha zilizopita kwenye grupu.

#8 Mvita Kamera

Walimu, niko upande wa Mombasa. Mimi nina swali la kufuta. Wanafunzi wanafuta palepale barabarani. Akiona imetoka vibaya, keshaifuta. Karatasi inarudi na picha saba safi na hakuna mshale wa kuchora.

#9 Mwalimu wa Zamu

Sheria ya kwanza ya klabu: hakuna kufuta nje ya darasa. Kuikagua ni rahisi kwa sababu faili nyingi zina namba mfululizo. Ikitoka 0231 kwenda 0235, kuna tatu zimepotea. Simu nyingine hutaja faili kwa tarehe na saa, hapo hutaona pengo, utategemea hesabu ya mwandishi.

Wanafuta kwa aibu. Aibu hiyo inaisha ukianza mazungumzo na misalaba badala ya maduara. Kila mmoja alete fremu aliyoikosa kwa karibu zaidi, ile ambayo ingekuwa picha kama angesogea au angesubiri. Darasa linabishana ilikosa nini. Hapo mwenye misalaba mingi ana mengi ya kusema kuliko mwenye picha saba safi.

#10 Kibaraza cha Darajani

Hapo kwenye kutofuta sikubaliani moja kwa moja. Mwenye sura yake akisema ifute, inafutwa mbele ya macho yake, bila kujitetea. Na folda ya vilivyofutwa karibuni hushikilia picha kwa wiki kadhaa, kwa hiyo ifutwe na huko pia, yeye akiona. Mwandishi aandike: "10:31, imefutwa kwa ombi." Lile pengo la namba linakuwa na maelezo, na ni kitu cha kutafakari kuliko mwanga: kwa nini alikataa? Ulimwelekezea kamera kabla ya salamu? Alikuwa anakula? Ulikuwa umesimama juu yake na yeye amekaa?

#11 Mwalimu wa Zamu

Nimekubali, sheria isomeke hivyo.

#12 Mvita Kamera

Na hapa tuweke sheria za nchi mezani, maana hawa ni watoto wanaopiga watu wazima na watoto wenzao. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa za mtoto zinapewa ulinzi wa ziada kwenye zote mbili. Kwa klabu ya shule maana yake ni: picha zenye sura hazipandi mtandaoni, hazikai kwenye grupu la darasa, na kwenye simu ya mwalimu inazimwa ile hali ya kuhifadhi picha mtandaoni yenyewe kabla ya kutoka. Wazazi wa wapigaji wanasaini barua. Watoto wa mtaani na wenzao wa shule nyingine wasipigwe sura. Migongo, mikono na vivuli vinatosha kwa zoezi.

Beba barua ya shule yenye mhuri, na toa taarifa mapema: serikali ya mtaa kwa Tanzania Bara, chifu kwa huku kwetu Kenya, na uongozi wa soko kama ni soko. Bandari, vivuko, vituo vya polisi, kambi za jeshi, benki na hospitali viwe nje ya ramani kabisa. Misiba pia, na wagonjwa wa akili. Mwanafunzi wa kidato cha pili atakuletea picha ya mtu anayeongea peke yake barabarani akidhani amepata dhahabu. Mwulize: huyo aliyepigwa anapata nini hapo? Usimsomee hotuba, subiri ajibu.

#13 Kijana wa Kidato

Je, kukata kingo baada ya kupiga kunaruhusiwa? Kuna mwalimu anasema picha ya mtaani ikikatwa si picha tena, Cartier-Bresson, yule mpiga picha maarufu wa Ufaransa, alikataza.

#14 Sentimita

Cartier-Bresson hakupenda kukata, ni kweli. Lakini ile picha yake ya 1932 ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris, ambayo watu wengi huitaja kwanza, aliipiga kupitia mwanya wa ua na imekatwa pembeni. Kwa hiyo usitishwe.

Kwa tafakuri, kata kwenye karatasi na si kwenye faili. Chukua vipande viwili vya karatasi ngumu vilivyokatwa kama herufi L, viweke juu ya picha, visogeze mpaka upate picha iliyo bora. Piga mstari wa kalamu hapo. Kisha eleza: ili nipate fremu hii bila kukata, ningesimama wapi? Ukikata na hujui jibu la swali hilo, kesho utasimama palepale.

#15 Bwenini

Alama je? Mkuu wa shule anataka alama.

#16 Mvita Kamera

Usipime uzuri wa picha. Kwa alama 10: 4 kwa ushahidi, yaani ametaja kitu kinachoonekana kwenye fremu yenye namba, 3 kwa sababu inayolingana na ushahidi huo, 3 kwa hatua inayofuata, na hizi 3 usimpe leo. Mpe safari ijayo, ukiziona kwenye karatasi mpya. Aliyeandika "nitachuchumaa" na hana hata fremu moja ya chini, hizo 3 zinabaki kwako.

#17 Mwalimu wa Zamu

Mimi ningeacha alama kabisa miezi miwili ya mwanzo. Mwanafunzi akijua anapimwa, anaanza kubuni makosa yanayopendeza ili apate ya kusahihisha. Lakini kama ofisi inadai, mgawanyo wa Mvita ndio wenye madhara kidogo.

La muhimu zaidi ni lugha. Sekondari Tanzania masomo ni kwa Kiingereza, na walimu wengi wanadai tafakuri nayo iwe hivyohivyo. Mtoto wa kidato cha kwanza ataandika sentensi tatu za kukariri. Mwache aandike Kiswahili, au aseme kwa sauti sekunde 90 akishika karatasi yake, mwenzake akirekodi. Ukitaka Kiingereza, atafsiri baadaye, ni zoezi jingine. Kusema kwa sauti huku akinyooshea fremu kidole kunapunguza pia zile tafakuri zilizoandikwa na programu za akili mnemba: programu haijui kwenye fremu ya 9 kulikuwa na mguu wa ngazi umetokeza kichwani mwa muuza kahawa.

Na kwenye mazungumzo ya darasa, mpigaji anyamaze dakika 4 za kwanza. Wenzake wajibu maswali matatu tu: nini kinaendelea hapa, umeona nini mpaka ukasema hivyo, kuna nini kingine. Ni maswali ya Abigail Housen na Philip Yenawine, yanatumika kwenye majumba ya sanaa Marekani, na hayahitaji ujuzi wowote wa kamera. Mpigaji anaandika wanachosema, halafu anafananisha na "Nilikusudia…" yake. Alikusudia uchovu wa mbeba mizigo, darasa zima limeona bango la soda nyuma yake. Hapo huna haja ya kumfundisha usuli, atauomba mwenyewe.

#18 Kijana wa Kidato

Tafakuri ifanyike siku hiyohiyo au baadaye?

#19 Kibaraza cha Darajani

Zote mbili, kwa kazi tofauti. Siku hiyohiyo andika mambo ya mwili: ulisimama wapi, uliogopa nini, nani alikataa. Hayo yakilala yanapotea. Kuchagua picha kusubiri wiki mbili, karatasi ikiwa imefungiwa kabatini.

Garry Winogrand, mpiga picha za mtaani wa Marekani, alikuwa akichelewesha kwa makusudi kusafisha filamu zake, ili furaha ya siku aliyopiga isimdanganye wakati wa kuchagua. Alizidisha, tuseme: alipofariki 1984 aliacha roli zipatazo 2,500 zilizokwisha kupigwa na hazijasafishwa. Wiki mbili zinatosha.

Karatasi ikitolewa kabatini, mwanafunzi atumie kalamu ya rangi nyengine, tuseme bluu, achore maduara upya bila kufuta mekundu. Kisha aandike juu ya fremu moja tu: ile iliyokuwa na duara jekundu na sasa haina la bluu, au iliyoachwa mara ya kwanza na sasa imechaguliwa. Kama maduara yote yameangukia palepale, mpe mwenzake karatasi hiyo achore kwa kijani, halafu wabishane kwenye fremu wanazotofautiana.

#20 Bwenini

Na karatasi zenyewe zikae kwa nani?

#21 Mwalimu wa Zamu

Faili la kila mwanafunzi, kabati la klabu, funguo kwa mwalimu. Zina sura za watu, kwa hiyo haziendi bwenini wala nyumbani. Mwisho wa mwaka mwanafunzi anaondoka na nakala ya maandishi yake na picha zisizo na sura. Nyingine zichanwe, na faili za kwenye kompyuta zifutwe siku hiyohiyo.